Siku tano kabla ya puto

Jambo lililomfanya mama anipigie simu usiku ule halikuwa kutapika kwa kaka yake, kwa kuwa mjomba alikuwa ametapika kwa wiki tatu na nyumba nzima ilikwisha kuzoea, bali ni kile alichokiona ndani ya beseni: punje za wali na vipande vya kisamvu ambacho yeye mwenyewe alikipika juzi yake. Mama hakusomea uuguzi, lakini amelea watoto sita na anajua kwamba kisamvu cha juzi hakina haki ya kuwa bado tumboni. Aliniambia maneno ambayo baadaye niliyasikia kwa daktari bingwa kwa lugha ndefu zaidi: "Chakula kinaingia, lakini hakiendi popote."

Mjomba ni fundi wa mashua upande wa Mwambani, kusini ya mji wa Tanga, mtu wa tezo na keekee, ambaye amefanya kazi akiwa ameinama tangu ujana wake. Mgongo ulipoanza kumsumbua alipewa vidonge vya diklofenaki kwenye duka moja la dawa, akavimeza asubuhi na jioni kwa miaka, mara nyingi kabla hajatia kitu mdomoni. Tumbo lilipoanza kuwaka, duka lilelile lilimwongezea vidonge vya kutafuna vya kutuliza asidi, na hakuna aliyemwuliza kwa nini tumbo linawaka. Silitaji duka hilo, maana yapo mengi ya namna hiyo, na kusema kweli mjomba mwenyewe hakuwa mtu wa kupenda kuulizwa. Kisha maumivu yakapungua, naye akafurahi, akidhani kidonda kimepona. Kwa maana moja kilikuwa kinapona kweli, na hapo ndipo taabu ilipoanzia, kwa sababu kidonda kinachopona, kikarudi, kikapona tena mahali palepale huacha kovu, na kovu hujikunja na kuvuta.

Mahali penyewe ni pembamba tangu mwanzo. Mfuko wa tumbo huishia kwenye lango la msuli linalofunguka na kufunga, na mara baada ya lango hilo huanza duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, ambayo ndiyo hupokea nyongo na maji ya kongosho. Vidonda vingi vya tumbo, licha ya jina tunaloviita, huwa hasa katika sentimita chache za mwanzo za duodeni au kwenye lango lenyewe. Kovu likijijenga hapo, lango huwa kama mdomo wa gunia uliofungwa kwa kamba. Mtu hushiba kwa matonge matatu, tumbo humjaa mchana kutwa, hucheua harufu mbaya, kisha jioni au usiku hutapika vyote na kupata nafuu, na asubuhi huanza upya. Matapishi hayana rangi ya kijani wala ya manjano, kwa sababu nyongo inaingia chini ya mahali palipoziba na haina njia ya kupanda. Mwenye kuuguza mtu anayetapika namna hii na aangalie mambo mawili tu ndani ya beseni, umri wa chakula na rangi ya maji, kisha amweleze daktari kabla hata hajaulizwa.

Daktari wa kwanza kumwona hapa Tanga, kijana mpole, hakuanza na mashine. Alimlaza mjomba chali, akamshika nyonga kwa mikono miwili, akamtikisa kidogo kulia na kushoto, na sote tuliokuwa chumbani tukasikia maji yakicheza tumboni kama yanavyocheza ndani ya dumu lililojaa nusu. Mjomba alikuwa hajanywa kitu tangu alfajiri. Kusikia maji saa kadhaa baada ya mtu kula au kunywa ni dalili ya zamani sana katika utabibu, nayo haihitaji umeme. Daktari akaandika rufaa ya kwenda Dar es Salaam kwa endoskopi, yaani kuchunguliwa tumbo kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, akamtundikia dripu ya kwanza, akatuambia maneno ambayo wakati ule niliyapuuza: "Wasiwe na haraka huko, na nyinyi msiwe na haraka."

Tuliondoka alfajiri kwa gari la kukodi, kwa kuwa ndani ya basi hakuna namna ya kumshikia mtu beseni kwa saa sita. Ni takriban kilomita 350, kupitia Muheza, Segera na Chalinze. Pale Muheza, wachuuzi wa machungwa walipotukimbilia dirishani, mjomba aligeuza uso upande wa pili, naye ni mtu ambaye sijapata kumwona akilipita chungwa la Muheza bila kulimenya.

Nilitarajia kwamba tukifika watamlaza, watampitisha ule mpira wenye kamera, watafungua kilichoziba, na kesho yake au keshokutwa tutarudi. Nilikuwa nimesoma vya kutosha mtandaoni kujua kwamba siku hizi mtu hahitaji kupasuliwa tumbo kwa kila kizuizi cha juu, na ujuzi wa nusu ulinipa haraka ya mtu mzima. Badala yake walimpitishia mpira mnene puani hadi tumboni, wakauunganisha na mfuko uliokaa chini ya kitanda, wakampiga marufuku kula na kunywa, wakamtundikia maji ya chumvi, wakachukua damu, wakaondoka. Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu, vilevile. Mama akapiga simu kutoka Tanga akiwa na hasira ya kweli: "Mmempeleka Dar es Salaam kulishwa maji ya chumvi? Kwani maji ya chumvi hapa hakuna?" Sikuwa na jibu, nikaenda kulitafuta kwa daktari, na jibu alilonipa ndilo sababu ya mimi kuandika haya.

Tumbo hutengeneza lita kadhaa za maji kila siku, maji yenye asidi ya haidrokloriki, na kwa kawaida yote hufyonzwa tena chini zaidi ya njia. Lango likiziba, mtu anayatapika, na kila anapotapika anapoteza maji, kloridi na asidi kwa pamoja. Damu inabaki na ualikali uliozidi, yaani kinyume cha asidi. Figo, zikijaribu kuokoa maji na sodiamu, huitoa potasiamu ovyo, hivyo potasiamu nayo inashuka. Ndiyo maana mjomba alikuwa analalamika vidole kufa ganzi na miguu kukaza usiku, na sisi tukamsugua mafuta ya nazi. Ni hatari iliyo kubwa kuliko ganzi: moyo hutegemea potasiamu ili upige kwa utaratibu, na mtu aliyepungukiwa nayo kwa kiasi kikubwa akipewa dawa ya usingizi anaweza kupatwa na msukosuko wa mapigo pale pale mezani. Dawa ya hali hiyo ni hayohayo maji ya chumvi aliyoyadharau mama, ya kiwango cha asilimia 0.9, kwa sababu yamebeba kloridi inayokosekana, pamoja na potasiamu inayoongezwa polepole baada ya kuhakikisha kwamba mgonjwa anakojoa. Potasiamu haiharakishwi, kwa maana ikiingizwa mshipani kwa kasi inaweza kuusimamisha moyo uleule tunaotaka kuulinda. Basi siku zinahesabiwa kwa majibu ya damu, si kwa kalenda.

Sababu ya pili ilikuwa ndani ya ule mfuko uliokuwa chini ya kitanda. Siku ya kwanza ulijaa uji mzito wa rangi ya udongo wenye mabaki ya kila alichokula mjomba kwa siku nyingi. Endoskopi hupitishwa mdomoni kwa mtu aliyelala nusu usingizi, ambaye koo lake limetiwa ganzi na hawezi kukohoa vizuri. Tumbo likiwa limejaa, chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, na mgonjwa aliyekuja kwa ajili ya tumbo akafa kwa nimonia. Tena hata asipodhurika, kamera inayochungulia ndani ya dimbwi la uji haioni kitu. Kwa hiyo kila asubuhi na jioni muuguzi aliingiza maji safi kwa mpira ule na kuyavuta, akaingiza na kuyavuta, mpaka siku ya nne yakatoka meupe.

Kuna na sababu ya tatu, ambayo wengi hatuifikirii: tumbo lenyewe hupumzika. Mfuko uliotanuka kwa miezi hupoteza nguvu ya kusukuma, kama mpira wa kombeo uliovutwa ukaachwa umevutika. Zaidi ya hayo, si kila kizuizi ni kovu. Kidonda kibichi huvimba pembezoni, na uvimbe huo peke yake unaweza kuziba njia. Mgonjwa akipewa kwa mshipa dawa ya kuzuia asidi, na tumbo likawekwa tupu kwa siku chache, uvimbe hushuka, na wapo ambao lango lao hufunguka bila kuguswa na chombo chochote. Huyo ni mgonjwa ambaye, lau daktari angekuwa na haraka kama yangu, angefanyiwa jambo asilolihitaji.

Nilipomwambia mama yote hayo kwa simu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mpira wa puani unamwuma. Nikajua tumeelewana.

Baadaye niligundua kwamba kuosha tumbo la namna hii kuna historia iliyofungamana na historia ya endoskopi yenyewe. Daktari Mjerumani Adolf Kussmaul, katika miaka ya 1860, ndiye aliyeeneza matumizi ya pampu ya kunyonya matumbo yaliyotanuka kwa sababu ya lango kuziba, na ni huyohuyo ambaye mwaka 1868, kule Freiburg, alimtafuta mtu aliyekuwa akimeza panga kwa kuburudisha watu, akampitishia bomba lililonyooka hadi tumboni ili achungulie ndani. Bomba la chuma lilihitaji mmezaji wa panga. Mpira unaopinda kikamilifu haukupatikana kwa vitendo mpaka mwaka 1957, Basil Hirschowitz na wenzake walipotumia, huko Michigan, nyuzi za kioo zinazopitisha picha. Leo ncha ya mpira ina kamera ndogo, na pembeni yake kuna mfereji mwembamba ambamo daktari hupitisha vyombo: koleo la kuchukua kinyama, sindano, waya, puto. Mfereji huo ndio uliogeuza kipimo kuwa tiba.

Siku ya tano asubuhi walimwita. Mimi nilibaki nje kwenye benchi, kwa hiyo ninayoyaeleza niliyapata kwa daktari aliyenionyesha picha, na kwa mjomba mwenyewe, ambaye anakumbuka dawa chungu iliyopulizwa kooni, kipande cha plastiki alichong'ata ili asiung'ate mpira, na kulazwa ubavu wa kushoto. Mengine usingizi uliyachukua.

Katika picha ya kwanza, mfuko wa tumbo ulikuwa mpana na mikunjo yake imelala. Katika picha ya pili palionekana lango, au palipostahili kuwa lango: kitundu cheupe, kimevutwa upande mmoja na kovu, ambacho mpira wenye unene wa karibu sentimita moja ulikigusa lakini haukuweza kuingia. Kabla ya kupanua kitu chochote, daktari alichukua vinyama kadhaa pembezoni mwa kovu. Hilo aliniambia kwa mkazo. Saratani ya tumbo inaweza kujifanya kovu, na mtu mwenye umri wa mjomba, aliyekonda na kutapika, hawezi kupewa jina la ugonjwa kwa kuangaliwa tu. Vinyama vingine vilichukuliwa sehemu nyingine za tumbo ili kutafuta Helicobacter pylori, bakteria anayeleta vidonda vya tumbo.

Ndipo puto likapitishwa. Wakati wa kuingia limekunjwa, jembamba kama mshipi wa kuvulia, likitanguliwa na waya laini inayotafuta njia ndani ya kitundu. Likishakaa katikati ya lango, hujazwa maji kwa pampu ya mkono yenye saa ya kuonyesha shinikizo, na kila kiwango cha shinikizo kina kipenyo chake. Puto la mjomba lilikuwa la hatua tatu: milimita 10, 11, kisha 12. Katika kila hatua hushikiliwa kwa kiasi cha dakika moja hivi, daktari akitazama kupitia puto lenyewe, ambalo linapitisha mwanga, kuona kama kovu linalegea au linachanika. Damu kidogo ni kawaida. Siku ile aliishia 12, ingawa puto kubwa zaidi lilikuwepo kabatini, kwa maana kupanua kwa mara moja hadi mwisho huongeza hatari ya kutoboa ukuta wa utumbo, na ukuta ukitoboka mgonjwa huenda chumba cha upasuaji usiku uleule. Kazi nzima ilichukua chini ya nusu saa.

Mjomba alipoamka na kuelezwa kwamba atarudi baada ya wiki mbili kwa awamu ya pili, mimi ndiye niliyekuwa na nia ya kulalamika. Yeye akacheka. "Mpwa wangu," akasema, sauti bado imekwaruzika, "tundu la msumari mkubwa hulitoboi kwa biti kubwa tangu mwanzo. Ukianza na biti kubwa ubao unapasuka. Unaanza na ndogo, unaacha ubao uzoee." Daktari akamwambia kwamba atalitumia somo hilo kwa wanafunzi wake, na kwa muda mjomba akawa mtu maarufu wodini.

Kitanda cha pili kutoka kwetu alilazwa mzee mmoja kutoka pwani ya Pangani, ambaye dalili zake zilikuwa kama za mjomba neno kwa neno, beseni kwa beseni, lakini kizuizi chake hakikuwa kovu. Alikuwa na saratani ya kichwa cha kongosho iliyokuwa imeibana duodeni kwa nje. Kwa ugonjwa wa namna hiyo puto halifai, kwa kuwa uvimbe unaokua huifunga njia tena punde baada ya puto kuondolewa. Yeye aliwekewa stenti: bomba la wavu wa nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani, ambalo huingizwa likiwa limebanwa ndani ya ala nyembamba, likafunguliwa mahali pake, nalo kwa joto la mwili hujitanua lenyewe hadi kipenyo cha milimita 20 au 22 katika siku moja hadi tatu. Eksirei ya papo kwa papo huonyesha mahali linapokaa. Mtoto wake, kijana wa rika langu, alikuwa na swali ambalo alilizunguka kwa siku mbili kabla ya kulitamka, yaani kama bomba hilo litaiondoa saratani. Daktari alimjibu bila kumficha kwamba halitaiondoa, ila litampa baba yake kula. Mzee alikunywa uji siku iliyofuata, na siku ya tatu aliomba supu ya samaki, akaimaliza.

Sipendi watu wanapoliita jambo hilo dogo. Mgonjwa asiyeponyeka ambaye anatapika kila jioni huwa hafi kwa saratani peke yake; anakufa pia kwa njaa, akiwa na akili zake timamu, huku watu wa nyumbani wakimsihi ale. Kumrudishia mtu kama huyo uwezo wa kukaa mkekani na wenzake ni tiba kamili ya jambo moja, na jambo hilo moja linastahili.

Hata hivyo bomba lina masharti. Stenti isiyofunikwa hukaa imara kwa sababu nyama hupenya kwenye matundu ya wavu wake, lakini nyama hiyohiyo ya uvimbe huweza kuiziba baada ya miezi; iliyofunikwa huzuia uvimbe kupenya, lakini huteleza na kuhama kwa urahisi zaidi. Likiwekwa mahali duodeni inapopokea nyongo, linaweza kuufunika mlango wa nyongo na kufanya iwe vigumu kuufikia baadaye, hivyo mgonjwa mwenye macho ya manjano hushughulikiwa mfereji wa nyongo kwanza au kwa pamoja. Na kama utumbo umezibwa mahali pengi huko chini, kufungua juu peke yake hakuna faida yoyote. Kwa kovu la mjomba, bomba la wavu usiofunikwa lingekuwa kosa, kwa sababu likishashikwa na nyama haliondoleki kirahisi, na mjomba alikuwa na miaka mingi ya kuchonga mashua mbele yake, Mungu akipenda.

Upasuaji nao haujapitwa na wakati, na katika hili naona watu wa mtandaoni wanatia chumvi. Mwaka 1881, kule Vienna, Anton Wölfler aliunganisha mfuko wa tumbo moja kwa moja na utumbo mwembamba ili chakula kipite kando ya uvimbe usioweza kukatwa, na wazo hilo limeishi mpaka leo, sasa mara nyingi kwa matundu madogo na kamera badala ya mkato mrefu. Uchunguzi uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2010, ulioulinganisha upasuaji huo na stenti kwa wagonjwa wa saratani, ulionyesha kwamba wenye stenti walianza kula mapema zaidi, lakini waliopasuliwa walikula vizuri kwa muda mrefu zaidi bila kurudi hospitali. Ushauri ukawa kwamba anayetarajiwa kuishi zaidi ya miezi miwili afikiriwe upasuaji. Tangu wakati huo kumeingia njia ya tatu inayokusanya sifa za pande zote mbili. Daktari hutumia endoskopi yenye ultrasaundi kwenye ncha yake, akauona kutoka ndani ya tumbo mzingo wa utumbo mwembamba uliolala karibu, kisha akaviunganisha viwili hivyo kwa stenti fupi yenye mabega mapana pande zote mbili, umbo lake kama bobini ya cherehani, kiuno chake milimita 15 au 20. Chakula kinapata njia mpya mbali na uvimbe, na tumbo halijakatwa kwa nje. Inahitaji chombo ghali na mkono uliozoea sana, kwa sababu mabega hayo yakifunguka mahali pasipo penyewe, maji ya tumbo humwagika ndani ya mwili.

Kuhusu watoto wachanga nitasema neno moja tu, kwa kuwa niliulizwa na jirani: mtoto wa wiki tatu hadi sita anayerusha maziwa kwa nguvu baada ya kila kunyonya huenda ana lango lililonenepa msuli, nalo ni jambo jingine, lenye upasuaji wake mfupi unaofanikiwa sana. Naye pia hurekebishwa chumvi za mwili kwanza.

Majibu ya vinyama yalikuja: saratani hakuna, bakteria yupo. Ni yule bakteria ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walimtambua katika miaka ya 1980, wakati madaktari wengi walikuwa wakishikilia kwamba vidonda huletwa na mawazo na pilipili, hadi Marshall akaamua mwaka 1984 kumnywa mwenyewe ili awathibitishie. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2005. Mjomba alipewa dawa mbili za kuua bakteria pamoja na ya kuzuia asidi kwa siku 14, akaambiwa kwamba diklofenaki na ndugu zake wote, aspirini na ibuprofeni wakiwemo, ameachana nao talaka tatu. Daktari alikuwa mkali hapa kuliko mahali pengine popote. Puto hufungua njia iliyozibwa na kovu, lakini halimzuii bakteria wala kidonge kutengeneza kovu jipya, na wagonjwa wanaorudi na lango lililofunga tena mara nyingi ni wale ambao kisababishi kilibaki nyumbani kinawasubiri.

Kumlisha nako kulikuwa na utaratibu uliotushangaza. Tulitaka kumjaza, kwa jinsi alivyokuwa amebaki mifupa. Wao walianza na vijiko vya maji, halafu uji mwepesi kikombe kidogo kila baada ya saa kadhaa, baada ya kumchoma vitamini ya B1, wakiendelea kupima damu. Mwili ulioshinda njaa kwa muda mrefu, ukipewa wanga mwingi kwa ghafla, hunyonya fosfati na potasiamu kutoka kwenye damu kwa kasi inayoweza kumdhuru mtu, na wapo waliokufa kwa kulishwa kwa upendo. Kwa wiki za mwanzo alikatazwa pia chochote chenye nyuzi: mabua ya mboga, embe la nyuzi, muwa, na chungwa lenye maganda yake meupe, kwa kuwa nyuzi husokotana tumboni na kuwa tonge lisilopita kwenye lango jembamba. Katika safari ya kurudi, pale Muheza, tulimkamulia chungwa, tukalichuja kwa kitambaa. Alilinywa macho yakiwa yamefumba.

Awamu ya pili, baada ya wiki mbili, ilimfikisha milimita 15, na safari hii mpira wenyewe ulipita langoni na kuiona duodeni, safi. Kama dalili zingerudi kungekuwa na awamu ya tatu, na kama nayo ingeshindwa, upasuaji. Daktari alimwandikia hivyo waziwazi kwenye karatasi ya kuruhusiwa, jambo ambalo nililipenda.

Jioni tuliyofika nyumbani Mwambani, mama alikuwa amepika wali wa nazi ulioiva hadi ukalainika, na changu wa kuchemsha aliyetolewa miiba yote. Mjomba aliniuliza tena ile namba, nikamwambia 15. Akainuka, akaenda kwenye kisanduku chake cha vyombo, akarudi na biti mbili, ya 14 na ya 16, kwa kuwa ya 15 hakuwa nayo. Akaziweka kando ya sahani juu ya mkeka, akazitazama moja baada ya nyingine, kisha akamega tonge la kwanza, dogo, akalitafuna kwa muda mrefu kuliko nilivyopata kumwona akitafuna kitu chochote.